Sura ya Saba: Nati, Mpira na Dirisha

Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika mtaa wa Newham ulioko mashariki ya London, mwanamke mmoja aliyekuwa mpangaji katika orofa ya 18 ya jengo lililoitwa Ronan Point aliamka, akaingia jikoni kuteleka maji ya chai, akawasha kiberiti. Na gesi iliyokuwa imevuja polepole hali yeye amelala ikashika moto kwa mshindo uliozisukuma nje kuta za nyumba yake, hata pembe nzima ya jengo lile la orofa 22, tokea juu hadi chini, ikaporomoka. Watu 4 walikufa na 17 wakajeruhiwa, na mpangaji mwenyewe, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, alisalimika. Jengo lilikuwa jipya, halijatimiza miezi mitatu tangu kufunguliwa. Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi, na tume hiyo, pamoja na kuwatia makosani waliobuni namna ya kuziunganisha kuta za zege, iliifuata njia ya gesi hatua kwa hatua mpaka ikafika nyuma ya jiko, ikakuta kwamba nati moja ya shaba ya manjano, iliyounganisha jiko na bomba la gesi, ilikuwa imevunjika, na kwamba unene wake ulikuwa chini ya kipimo kilichowekwa.

Nimeitanguliza habari hiyo ya mbali kwa sababu inabainisha jambo ambalo sisi watu wa pwani, tangu mtungi wa gesi ulipoanza kushika mahali pa mkaa na mafuta ya taa, aghalabu tumelielewa kinyume. Mtu akinunua mtungi huuogopa mtungi wenyewe: huwakataza watoto kuugusa, huutenga na kitanda, hushtuka ukigongwa, kumbe chuma kile kimetengenezwa kwa unene mahsusi na kupimwa kiwandani kwa nguvu inayoizidi sana ile ya gesi itakayotiwa ndani yake, na ni nadra mno kupasuka pasipo moto wa nje kukichemsha. Hatari hukaa viungoni: penye pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya kichwa cha mtungi, penye regulata, penye vibano vya mpira, penye kitasa cha jiko, vitu ambavyo karibu vyote huenea katika viganja viwili vya mikono, na ambavyo mwenye nyumba huweza kukaa navyo miaka mingi asivitupie jicho. Muradi wa sura hii ni kumwonyesha mpishi, awe mama wa nyumba, kijana mpangaji au mzee anayejipikia uji wake, namna ya kuvikagua vitu hivyo yeye mwenyewe. Maana fundi huja siku moja akaenda zake, na mpishi ndiye aliye karibu na moto asubuhi na jioni.

Yampasa mkaguzi kwanza aijue tabia ya kitu anachokikagua. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo zikibanwa hugeuka kuwa majimaji, na majimaji hayo yakipata njia ya kutoka hurudi kuwa hewa na kutanuka takriban mara 250. Hewa hiyo ni nzito kuliko hii tuivutayo: propani uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa, na butani ni kama mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi ikatoweka dirishani, bali hushuka sakafuni, ikatambaa chini ya kabati na katika uvungu wa kitanda, ikaingia katika karo na mitaro, ikatua humo mpaka ipate cheche. Gesi asilia, ambayo katika nchi ya Tanzania iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, tabia yake ni kinyume cha hiyo, kwani uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa, nayo hupaa darini. Zipo nyumba za Mikocheni, Mtwara na Lindi ambazo sasa hupikia gesi hiyo ya bomba. Tofauti hii si ya darasani tu. Mwenye bomba akitaka kufunga kifaa cha kuhisi gesi hukifunga karibu na dari, na mwenye mtungi hukifunga shubiri moja au mbili juu ya sakafu. Tena dirisha la juu, ambalo lamfaa sana wa kwanza, halimtoshi wa pili, naye huhitaji tundu lililo chini ya ukuta au mlango usiogusa sakafu.

Kiasi cha gesi kinachotosha kuleta maafa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Gesi ya mtungi huweza kushika moto ikiwa imefikia sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa ya chumba, na gesi asilia ikifikia sehemu 5. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, ambacho ndicho chumba cha wapangaji wengi wa miji yetu: kilo moja na kidogo ya gesi ya mtungi, ikienea sawasawa, yatosha kukigeuza chumba hicho chote kuwa baruti, na kwa kuwa haienei sawasawa bali hulala chini, robo ya kiasi hicho iliyotanda juu ya sakafu huweza kumuunguza mtu miguu na uso mara awashapo kiberiti. Mtungi mdogo kabisa wa nyumbani una kilo 3.

Rehema kubwa aliyonayo mpishi ni ile harufu, inayofanana na kabeji iliyooza, ambayo si ya gesi yenyewe. Gesi hizi kwa asili hazina harufu, na harufu hutiwa kwa makusudi kwa dawa ya namna ya merkaptani, kwa kiasi ambacho pua ya mtu mzima wa afya huweza kuisikia gesi ingali katika sehemu moja ya tano ya kiwango cha kushika moto. Desturi hiyo ililipiwa kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika kijiji cha New London kilichoko Texas, Marekani, shule moja ambayo wasimamizi wake, kwa kutaka kupunguza matumizi, walikuwa wameacha kununua gesi ya kampuni wakajiunganishia gesi ya masalio kutoka visima vya mafuta vya jirani, ililipuka muda mfupi kabla ya watoto kwenda nyumbani. Gesi ilikuwa imevuja na kujaa katika nafasi iliyo chini ya sakafu. Hapakuwa na aliyeisikia kwa kuwa haikuwa na harufu. Mwalimu wa ufundi akawasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao, na cheche yake ikatosha. Wanafunzi na walimu karibu 300 waliangamia, na mwaka uo huo jimbo la Texas lilitunga sheria kwamba gesi itiwe harufu, sheria ambayo nchi nyingine ziliifuata.

Basi pua ni chombo cha kwanza cha ukaguzi, nayo ina ila zake ambazo sharti zijulikane. Pua iliyokaa muda mrefu katika harufu huizoea ikaacha kuisikia. Mwenye mafua haisikii. Mzee huisikia kwa tabu. Aliyelala haisikii kabisa. Kwa sababu hiyo mtu anayeingia kutoka nje ndiye shahidi wa kuaminika, na mgeni akipiga hodi, akaingia na kusema, “Jamani, mbona hapa pananuka gesi?” asijibiwe kwamba hapana kitu, ila shughuli zote zisimame mpaka papatikane pa kulaumiwa.

Pua hueleza kwamba gesi inavuja, lakini haielezi mahali. Kazi hiyo hufanywa na povu la sabuni, na sijui chombo kingine cha ufundi kilicho rahisi na sahihi kama hicho. Sabuni ya unga au ya maji hukorogwa katika kikombe mpaka ipate povu zito; jiko hufungwa vitasa vyote; mtungi hufunguliwa; kisha povu hupakwa kwa brashi au kitambaa kuanzia penye mtungi: kwanza shingo ya kichwa chake, halafu mahali regulata inapokaa, halafu kibano cha mpira upande wa regulata, halafu mpira wenyewe kwa urefu wake wote hali unakunjwa taratibu ili mipasuko iliyojificha ifumbuke, halafu kibano cha upande wa jiko, na mwisho vitasa. Mtu asiharakishe. Gesi ikivuja kwa wingi povu huchemka papo hapo, lakini tundu dogo huchukua muda kuinua kipovu kimoja, nacho hukua polepole kama jicho linalofumbuka, na mwenye pupa huwa amekwisha kufuta na kuondoka. Ama kuhusu wale wanaotafuta mvujo kwa kiberiti, wakipitisha mwali karibu na viungo waone kama utawaka, nasema bila ya kuficha kwamba wanafanya jambo la haramu dhidi ya nafsi zao na za majirani zao, na anayemwona mwenziwe akifanya hivyo amnyang'anye kiberiti kwanza, heshima zifuate baadaye.

Nieleze kwa kirefu habari ya mpira, kwa kuwa ndio mnyonge wa msafara huu. Mpira wa gesi si mpira wowote. Ule wa kumwagilia bustani, ambao nimeuona umefungwa katika majiko ya watu wenye uwezo wa kununua ulio bora, huliwa na gesi kwa ndani, ukakauka, ukapasuka bila ya kutoa dalili kwa nje. Mpira wa halali umeandikwa ubavuni kwamba ni wa gesi, pamoja na kipimo cha ubora na aghalabu mwaka wa kutengenezwa. Urefu wake usizidi mita moja na nusu. Usipite nyuma ya jiko mahali unapochomwa na joto, wala usipenye ukutani au dirishani ambako jicho haliufikii. Ncha zake zifungwe kwa vibano vya chuma vya parafujo, si kwa waya wala kwa kamba ya katani. Wataalamu wengi husema usitumiwe kupita miaka mitano. Kwa rai yangu, katika miji ya Tanga, Mombasa, Unguja na mfano wa hiyo, ambako joto halipungui na hewa ya chumvi hula hata misumari ya paa, muda huo ni mrefu mno, na miaka miwili yatosha. Panya nao wana hamu ya ajabu ya kuguguna mpira, akhasi unaponukia mafuta ya chakula, kwa hiyo mpishi aufute kila wiki na kuutazama kwa karibu. Ukikunjwa ukaonyesha mistari midogo kama ya kiganja cha mkono, hata kama haujaanza kuvuja, umekwisha.

Regulata nayo hufanya kazi ambayo wengi hawaijui. Ndani ya mtungi, katika joto letu, gesi husukuma kwa nguvu kubwa; mpirani na jikoni haitakiwi nguvu zaidi ya ile inayoweza kuinua maji kimo cha sentimita 30 hivi. Regulata ndiyo inayoshusha nguvu ile hadi hii, kwa utando mwembamba na springi iliyo ndani yake. Ikiharibika, moto hurefuka na kuvuma, hunyanyuka ukaachana na jiko, na viungo vyote vya mbele yake hubebeshwa mzigo ambao havikuumbiwa. Tarehe 13 Septemba 2018, katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts, Marekani, mafundi waliokuwa wakibadili mabomba ya zamani waliacha vipimo vya regulata za mtaani vimeunganishwa na bomba lililokwisha kutengwa. Vipimo vikahisi kwamba nguvu imeshuka, regulata zikafunguka wazi, gesi ya nguvu nyingi ikamiminika katika nyumba zilizozoea nguvu kidogo, na katika alasiri moja majengo zaidi ya 100 yakaharibika kwa moto na milipuko, na kijana mmoja akafa. Majiko ya nyumba hizo hayakuwa na ila. Regulata ya nyumbani kwetu ni ndogo mno kulinganisha na zile, lakini kanuni ni ile ile: isifunguliwe kwa bisibisi, isitengenezwe na fundi wa redio, isipakwe grisi wala mafuta, na ikianza kutoa mlio au kukaa tepetepe juu ya mtungi itupwe. Mtungi nao usimame wima wakati wote, maana ukilazwa ili “kumalizia gesi ya chini,” kama wafanyavyo wengi mwisho wa mwezi, majimaji hupita katika regulata mahali pa hewa, na mwali huruka jikoni kwa ghafla.

Ukaguzi huanza dukani, kabla mtungi haujapanda bodaboda. Kichwa chake kiwe kimefungwa kwa lakiri ya kampuni iliyoujaza, na lakiri hiyo isiwe imechanwa na kugandishwa tena. Kwenye chuma kilichozunguka kichwa umegongwa uzito wa mtungi mtupu. Mnunuzi aujumlishe na uzito wa gesi anayoilipia, kisha aombe mizani, wala asione haya, kwa kuwa hiyo ni haki yake. Mtungi uliopungua uzito si hasara ya fedha peke yake: mara nyingi ni alama kwamba umejazwa au kupunguzwa uchochoroni kwa mirija ya kuhamishia, na aliyeufanyia hivyo hakujali kama pete ya mpira imebaki mahali pake au la. Biashara hiyo ya siri imeleta misiba mikubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori lililobeba gesi lililipuka katika kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi ya watu na ambacho mamlaka ya nishati ilisema imekwisha kukinyima kibali. Watu kadhaa walifariki na mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Fauka ya lakiri na uzito, mnunuzi autazame mguu wa mtungi, penye kutu, na akiona kutu imekwisha kula chuma mpaka kukifanya vishimo aukatae, apewe mwingine.

Sasa nyumba yenyewe. Wanaoandika vitabu vya ukaguzi katika nchi za ughaibuni huitazama nyumba yenye jiko lake, mlango wake wa nyuma na ua wake. Bali kwetu wapangaji wengi hukaa katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu kila upande na ushoroba katikati, na kila mlango una familia yake na jiko lake. Hapo ndipo ukaguzi wa mtungi mmoja usipotosha. Nimepita katika shoroba ambazo mitungi 5 au 6 imepangwa ukutani, na majiko yanawaka karibu na pazia la mlango, na njia iliyobaki ni ya kupita ubavu. Na mlango wa uani, ambao ndio kimbilio, umefungwa kwa kufuli kwa hofu ya wezi. Mtungi wa kwanza ukishika moto, waliomo vyumbani hawana pa kutokea, kwa kuwa moto umekaa mahali pa kupitia. Ningetaka wapangaji wa nyumba ya namna hiyo wakubaliane mambo mawili, nayo hayana gharama: majiko yote yahamie uani au katika kibanda cha uani, na ufunguo wa mlango wa nyuma utundikwe karibu nao, mahali ambapo hata mtoto aujua. Anayelazimika kupika chumbani, kwa kuwa mvua inanyesha au ua haupo, asiweke jiko kati yake na mlango, bali jiko liwe ndani zaidi na mtungi uwe mahali ambapo mkono waweza kuufikia na kuufunga wakati wa kukimbia.

Mafuta ya taa hayajaondoka majumbani, ingawa bei na kodi zimeyapunguzia wateja, na jiko la mchina lenye tambi bado ni jiko la mamia ya maelfu ya watu. Hatari yake ni ya namna nyingine. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi, na ndiyo sababu ukiyadondoshea kiberiti kilichozimika nusu hayaripuki. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi inayogandisha maji. Vikichanganywa, iwe kwa hila ya muuzaji au kwa kutumia dumu lililokuwa na petroli bila ya kulisafisha, kikombe kimoja cha petroli chatosha kuyaharibu mafuta ya dumu zima, na jiko linalojazwa mafuta hayo hugeuka bomu mikononi mwa mwenye kupika. Mkaguzi wa jiko la mafuta basi huanza na asili ya mafuta: yanunuliwe kituoni, si kwa chupa za pembeni mwa barabara ambazo hakuna ajuaye zimetoka wapi, na yakiwa na harufu kali isiyo ya kawaida, au moto ukiruka na kutoa mlio, jiko lizimwe na mafuta yasitumiwe tena.

Kisha atazame tambi. Kila tundu la jiko la mchina lazima liwe na utambi wake, ulioshiba tundu, kwa kuwa tundu lililo wazi ni njia ya mwali kushuka hadi kwenye mafuta. Watu wenye kubana matumizi huondoa tambi mbili tatu ili mafuta yasiishe upesi, wasijue kwamba wameufungulia moto mlango. Tangi lisitiwe mafuta hali jiko linawaka wala lingali na moto, maana joto la nyuzi 38 lililotajwa hapo juu si mbali na joto la adhuhuri ya Dar es Salaam mwezi wa Februari, na tangi la jiko lililopika maharage saa mbili limekwisha kulipita. Wenye stovu ya pampu waangalie pia ngozi ya pampu na tundu la mwali: tundu likiziba, lizibuliwe kwa sindano yake baada ya kutoa upepo wote, wala wasiongeze pampu kwa kutaraji kwamba nguvu italizibua. Na mafuta yasiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwa kuwa yakirudi huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali upesi.

Lipo jambo la mwisho la kukaguliwa, lisiloonekana wala kunuka. Moto wa gesi au wa mafuta ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya hewa safi zaidi ya mara 200, na mtu huishiwa pumzi hali anadhani ana usingizi. Dalili yake jikoni ni rangi ya mwali: wa buluu ni salama, wa manjano unaoacha masizi chini ya sufuria unaomba hewa au unaomba jiko lisafishwe. Dalili yake mwilini ni kichwa kuuma na kichefuchefu kinachowapata watu wote wa chumba kwa pamoja na kuwaacha wanapotoka nje. Hita ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga, ambayo siku hizi hufungwa katika nyumba za kisasa za Nairobi na Arusha kwa ajili ya baridi, isifungwe kamwe ndani ya bafu lenyewe; mahali pake ni nje, au penye bomba la kutolea moshi lililofika nje kweli na si darini. Mkaa unaoingizwa chumbani usiku ili kupasha joto huua kwa njia hiyo hiyo, na huua wengi zaidi.

Gesi ikinuka kwa nguvu, mpangilio wa kutenda ni huu, nami ningependa watoto wa shule waujue kama wanavyojua namba: moto wowote uzimwe, swichi ya taa isiguswe, isiwashwe wala isizimwe, kwa kuwa cheche yake haichagui, simu isipigwe humo ndani, mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, watu watoke, gesi ifagiliwe nje kwa kupunga kanga au mkeka karibu na sakafu, wala si kwa feni ya umeme. Mtungi unaovuja kichwani na kukataa kufungwa hubebwa wima hadi uwanjani, mbali na mtaro, ukaachwa huko mpaka muuzaji au zimamoto afike.

Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, imekusudia kwamba Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi mwisho wa muda huo, na mitungi ya kilo 6 inagawiwa kwa bei ya ruzuku hata vijijini. Ni kusudio jema, na mapafu ya mama zetu yaliyokaushwa na moshi wa kuni yanalingoja. Lakini mtungi unaotolewa bila ya kumfundisha mpokeaji povu la sabuni ni amana iliyokabidhiwa nusu. Nawaomba wanaogawa mitungi wagawe pamoja nayo nusu saa ya mafunzo na mpira wa halali uliogongwa tarehe. Nawaomba wenye nyumba wa Kariakoo, Ng'ambo na Majengo watoboe tundu la hewa chini ya ukuta wa kila chumba wanachojua kwamba mpangaji atapikia, na waache mlango wa uani ufungukao kwa ndani bila ya ufunguo. Na nazitaka halmashauri za miji yetu ziandike mambo hayo mawili katika sheria ndogo zao, zikawatume maafisa wao wa afya, ambao tayari huingia majumbani kukagua vyoo na visima, wayakague pia.